Aliyekaza Ndiye Anayefungua

Kuna watu wanaopewa majina na wazazi wao, na kuna wanaojipa wenyewe bila kujua. Fundi mkuu wa karakana ile alijipa mwenyewe. Kwa miaka ishirini na minane neno lililomtoka kinywani kuliko yote lilikuwa moja: kaza. Gundi ikishapakwa, kaza. Skrubu ikiingia, kaza. Kamba ya kufungia vitanda juu ya lori, kaza. Fundi akinung'unika kwamba mgongo unamuuma, kaza roho. Mwisho watu wakalisahau jina alilozaliwa nalo, wakamwita Kaza, hata mkewe akamwita hivyo siku alizokuwa radhi naye, na siku hizo hazikuwa nyingi.

Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati mwishoni mwa mji, pale lami inapokwisha na barabara ya kwenda kwenye msitu wa misonobari inapoanza. Ndani yake vumbi la mbao lilikalia kila kitu: kope za watu, vikombe vya chai, redio isiyosikika msumeno unapolia lakini ambayo hakuna aliyewahi kuizima. Ukutani vilining'inia vibano vya chuma, vikubwa kwa vidogo, vile vinavyobana mbao mbili zilizopakwa gundi hadi zishikane. Juu ya vibano palikuwa pameandikwa kwa makaa sheria pekee ya mahali pale: ALIYEKAZA NDIYE ANAYEFUNGUA.

Usiicheke sheria hiyo. Zamani fundi mmoja mwenye kiherehere alifungua kibano cha mwenzake akidhani gundi imekauka. Kilikuwa kitanda cha maharusi, na kitanda kikaachana kabla ya maharusi wenyewe. Toka siku hiyo ikawa mwiko. Kibano nilichokaza mimi, wewe unakipita kama hukioni. Hata nikiugua wiki nzima, kitanisubiri. Kaza ndiye aliyeyaandika maneno yale, na kila makaa yalipofifia aliyapitia upya.

Karibu na msumeno mkubwa palikuwa na msumari, na kwenye msumari kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa kidole. Hicho hakikuwa cha kazi ya mbao. Kaza alipokuwa bado anajifunza, ana miaka kumi na tisa, fundi wake alikatwa paja na msumeno. Damu iliruka. Kaza alimshika kichwa akamwambia maneno ya kumtuliza, maana hakujua kingine cha kufanya, na fundi akakata roho hata chai yake mezani haijapoa. Baadaye mtu mmoja aliyekuja kutoa pole akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Mngemfunga mpira tu juu ya jeraha, angepona." Maneno hayo yalimwingia Kaza yakakaa. Siku ya tatu ya msiba alikata mpira wa baiskeli yake mwenyewe, akautundika pale.

Miaka kumi baadaye mbeba magogo mmoja alipasuliwa mguu, damu ikafika ukutani. Kaza alimfunga ule mpira, wakambeba mzobemzobe hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na yule bwana yu hai hadi leo, anatembea, ana wajukuu na mdomo mrefu. Zahanati nayo ilikuja kufungwa. Ina kufuli mlangoni na majani kwenye ngazi. Mpira ulibaki msumarini, na sifa zikabaki kwa Kaza. Hakuna aliyejiuliza yule mtu angekuwaje kama zahanati isingekuwa ng'ambo ya barabara. Sifa zikishaingia nyumbani, nani huziuliza zimetoka wapi?

Sasa, Kaza alikuwa na mdogo wake, aliyeitwa Patasi. Mama yao alizaa watano, wakabaki hao wawili, wa kwanza na wa mwisho, miaka kumi na minne kati yao. Baba alifariki Patasi akiwa na miaka sita, kwa hiyo Kaza akawa kaka kwa kuzaliwa na baba kwa kazi. Ndiye aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Ndiye aliyemfundisha kushika randa, kunoa chuma, na kunyamaza mkubwa anaposema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia karibu kila wiki, na Patasi alikuwa msikivu kuliko inavyompasa mtu.

Na mkono wake. Nisipousema mkono wa kulia wa Patasi nitakuwa sijasema kitu. Kila fundi pale alijua kuunga meza, lakini Patasi alichonga. Ungempa ubao mtupu wa kichwa cha kitanda, asubuhi hauna kitu, jioni una mzabibu unaotambaa, na jani moja limejikunja kama limeguswa na upepo sasa hivi. Watu walitoka miji mingine kuagiza mlango, na hawakuulizia karakana, walimwulizia yeye. Kaza hakujaliwa kipaji hicho. Alizoea kusimama nyuma ya mdogo wake akitazama nyuzi za mbao zikijiviringisha mbele ya chuma, moyo umemjaa hadi kooni, kisha akasema tu, "Harakisha, mteja anakuja." Ndivyo alivyojua kupenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Patasi hakuwa hata karibu na msumeno. Alikuwa amebeba kioo cha mlango wa kabati, akajikwaa kwenye kipande cha ubao, kioo kikamvunjikia mikononi na kumchana mkono wa kulia, chini ya kiwiko, upande wa nje, urefu wa kalamu. Damu ilitoka nyingi. Ilikuwa nyeusi nyeusi, ikatiririka hadi vidoleni na kudondokea kwenye maranda. Haikuruka. Hilo Kaza alikuja kulikumbuka baadaye, na akawa analikumbuka kila siku: haikuruka.

Lakini wakati ule hakuona mkono, aliona paja la fundi wake. Alikwishauchukua mpira kabla mtu hajamaliza kusema "toba". Aliuzungusha mara nne juu ya kiwiko, akafunga fundo, akapitisha mpini wa bisibisi kwenye fundo na kusokota hadi mpira ukazama kwenye nyama na damu ikakoma kabisa. Mafundi wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Kaza ni Kaza," na wengine wakacheka kile kicheko cha watu walioogopa.

"Vidole vinawaka moto, kaka," Patasi alisema.

"Kaza roho. Damu imesimama."

Hospitali ilikuwa mji wa jirani, mwendo wa saa moja na nusu. Wakapanda lori la mbao, dereva, Kaza, na Patasi katikati yao, mkono umelala mapajani na mpini wa bisibisi umesimama juu ya kiwiko kama ufunguo wa mwanasesere. Njiani Patasi alijikunja akauma mdomo, jasho likimdondoka kidevuni, wala hakusema tena. Walipofika nusu ya njia mkanda wa feni ukakatika. Injini ikachemka, lori likasimama penye mlima, na pande zote mbili za barabara hapakuwa na kitu ila mashamba yaliyokwisha kuvunwa.

Dereva alichukua dumu akaenda kutafuta maji. Kaza akaamua kwenda mbele kwa miguu hadi njia panda kutafuta gari. Kabla ya kuondoka alimketisha mdogo wake kivulini, mgongo kwenye gurudumu, akaujaribu mpira kwa kidole. Haukulegea hata kidogo, na aliridhika.

"Asiguse mtu huu mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alitembea nusu ya njia na nusu nyingine alikimbia, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye magoti mabovu. Njia panda magari yalimpita. Alipunga mkono, alipunga kofia, mwisho alivua shati akapunga shati, na fulana yake ilikuwa na damu, ndiyo maana walizidi kukanyaga mafuta. Saa saba ilikuwa imepita aliporudi na gari dogo la mfanyabiashara wa mahindi. Dereva alikuwa bado hajarudi na maji, na Patasi alikuwa pale pale kwenye gurudumu. Mkono ulikuwa umepauka kama uliopakwa majivu, na Kaza alipougusa ulikuwa baridi, jua lote lile.

"Hauniumi tena, kaka," Patasi alisema. Alikuwa anatabasamu kidogo.

Kaza alifurahi. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa yeye mwenyewe hajawahi kujisamehe: alifurahi. Alimpiga mdogo wake begani akasema, "Unaona? Tumeshinda."

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta kwenye sikio. Aliuona mpira akaacha alichokuwa anafanya. "Umefungwa saa ngapi?" Kaza akajibu kwa sauti ya fahari kidogo, "Saa tatu asubuhi, daktari, sikuchelewa hata dakika." Daktari alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Alimwita mwenzake, wakamsukuma Patasi ndani kwa haraka ambayo Kaza hakuielewa, maana kwake yeye hatari ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa jioni daktari alipotoka kumtafuta kwenye benchi la ukumbini. Alikaa kando yake, na daktari akikaa ujue kuna jambo.

"Wewe ndiye uliyemfunga?"

"Ni mimi. Mimi ni kaka yake."

Akamweleza taratibu, bila kumfokea, na afadhali angemfokea. Nyama ya mwili, alisema, inakula kinacholetwa na damu. Ukiikatia damu kwa saa moja inavumilia. Saa mbili zikipita, misuli na mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi vidoleni, inaanza kuharibika. Baada ya hapo inakufa kidogo kidogo, na ikishakufa hairudi. Yale maumivu ya moto yalikuwa mkono unaomba. Yalipokoma, mkono ulikuwa umechoka kuomba. Na mpira mwembamba kama ule ni mbaya zaidi, unazama kwenye mshipa wa fahamu kama waya. Walipoufungua, mkono ukavimba, wakalazimika kuchana ngozi kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo ili misuli isijibane yenyewe. Na sumu ya nyama iliyokufa sasa inapita kwenye figo, ndiyo maana mkojo wake una rangi ya chai. "Tutapigania figo. Mkono utabaki pale ulipo. Lakini usitarajie kazi kutoka kwake."

"Angevuja damu akafa," Kaza alisema. "Nimewahi kuona, daktari. Nilimshika kichwa mtu."

"Huyo uliyemwona damu iliruka?"

"Iliruka."

"Ya mdogo wako iliruka?"

Kaza alitazama viatu vyake. Vilikuwa na vumbi la barabara, na vumbi lilikuwa limeganda kwa damu.

"Jeraha lile lilitaka kitambaa safi na kiganja cha mtu," daktari alisema. "Kukandamiza, kuinua mkono juu, na kusubiri. Damu ikiruka na kitambaa kikashindwa, hapo ndipo unafunga, unafunga kwa kitu kipana, unaandika saa, unakimbia, na wenye ujuzi ndio wanaofungua. Si kosa lako kutojua." Akainuka. Watu wema husema hivyo, si kosa lako, kisha wanakwenda kunywa maji, na wewe unabaki nalo.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumshukuru. Mafundi walikuja na matunda wakamshika Kaza mkono mmoja mmoja. Shemeji yake, mke wa Patasi, alimpigia magoti pale kwenye veranda ya wodi akilia, "Shemeji, umenirudishia baba wa watoto wangu." Kaza alimwinua. Alikwenda nyuma ya jengo, penye matanki ya maji, akabaki huko hadi wageni walipoondoka.

Alijaribu kumwambia mama yao. Walikuwa wawili jikoni, mama anachambua mchele kwenye ungo. "Mama, kuna jambo daktari aliniambia kuhusu ule mkono. Mimi sikumwokoa mtu. Mimi ndiye..."

Mama hakuinua macho. "Mkono umeondoka, mtoto amebaki. Niishie hapo."

"Mama, nisikilize."

"Nimezaa watano, wamebaki wawili. Ukisema unachotaka kusema, halafu mmoja akamchukia mwenzake, nitabaki na wangapi?" Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa mlangoni. "Kula, ukalale."

Basi akanyamaza. Miezi saba alinyamaza, na ukimya huo ulimkondesha kuliko njaa. Figo za Patasi zilipona. Mkono ulibaki ukining'inia kwenye kifundo, vidole vimejikunja kuelekea kiganjani kama vinashika kitu ambacho hakipo. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kuvinyoosha kwa mkono wa kushoto kila asubuhi, na kila asubuhi vilijikunja tena. Havikuwa na hisia hata kidogo. Siku moja alikaa karibu na jiko akizungumza na watoto, na waliosikia harufu ya ngozi kuungua ni watoto, si yeye.

Alirudi karakana. Nani angemkatalia? Walimpa ufagio. Alifagia maranda kwa mkono wa kushoto, polepole, akizunguka meza yake ya zamani, ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Patasi zake zilikuwa pale zimepangwa kwa ukubwa, zinapata kutu. Wateja walipokuja kuulizia mlango wa nakshi, Kaza alijibu kwamba hawachongi tena, na Patasi alikuwa pale pale anasikia. Hakuwahi kulalamika. Laiti angelalamika hata siku moja, angemtukana hata mara moja, Kaza angepata mahali pa kuanzia. Lakini Patasi alimwamkia kila asubuhi kama zamani, "Umeamkaje, kaka?", na Kaza alijibu, "Salama," akaenda kuficha uso wake nyuma ya msumeno.

Na mpira? Mpira ulizaa. Mafundi walitundika mwingine pale pale msumarini, na mwingine kwenye chumba cha vanishi, maana si ndio uliomwokoa Patasi? Waliukata mwembamba zaidi ili ushike vizuri. Kaza aliutoa, akautupa jalalani; kesho yake akakuta mpya. Aliwaambia, "Jamani, mkikatwa kandamizeni kwa kitambaa." Wakaitikia kwa kichwa kwa heshima, wakasema Kaza ana unyenyekevu, hataki sifa.

Ndipo ikafika asubuhi moja fundi wa vanishi alipopitiwa na chuma cha randa kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Damu ikamwagika. Kabla Kaza hajageuka, mafundi wawili walikwisha kuchomoa mpira na kuuzungusha mkononi mwake, mmoja ameshika bisibisi.

"Acheni!" Sauti ile ilinyamazisha hata msumeno, maana aliyekuwa nao aliuzima kwa woga. "Toa huo uchafu! Toa!"

Alimshika yule fundi mkono, akaukwangua mpira kwa kucha, akachukua kitambaa cheupe kilichofuliwa, cha kupanguzia vioo, akakiweka kwenye jeraha na kukandamiza kwa kiganja chake, mkono wa mgonjwa ameuinua juu. Wakakaa hivyo chini kwa magoti, wamekabiliana kama watoto wanaoapa. Redio ilisikika kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mtu anatangaza hali ya hewa. Muda wa kunywa kikombe cha chai ulipita. Kaza akainua kitambaa pembeni. Damu ilikuwa imekoma.

Fundi wa vanishi alichezesha vidole vyake vitano, kimoja kimoja, vyote vinatii. Akacheka. "Kumbe hivi tu kunatosha?"

Wote walimtazama Kaza wakingoja jibu, na nyuma yao Patasi alikuwa amesimama na ufagio.

Angeweza kusema uongo. Jeraha lako dogo, la Patasi lilikuwa kubwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Lakini aliuona mpira pale chini kwenye maranda, na bisibisi pembeni yake, na akajua wataurudisha msumarini kabla ya saa sita.

"Kunatosha," alisema. "Hata siku ile kungetosha. Daktari aliniambia. Kitambaa na kiganja." Aliuonyesha mpira kwa kidole. "Mpira ndio uliouua mkono wa mdogo wangu. Mpira wangu. Mmenishukuru bure miezi saba, na mimi nimewaacha mnishukuru."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Kaza alibaki amepiga magoti, anangoja. Alikuwa anataka apigwe. Alikuwa tayari kwa ufagio ule kichwani, na angeshukuru.

"Najua, kaka," Patasi alisema.

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ile ile. Ulipokwenda njia panda alipita mama mmoja ametoka shambani. Alikuwa muuguzi, amestaafu. Alikaa na mimi muda mrefu. Alisema, mwanangu, jeraha hili nitalikandamiza mimi mwenyewe kwa kanga yangu, niruhusu nifungue, mkono huu unakufa." Alikuwa anasema kwa utaratibu, kama anayeeleza bei ya mbao. "Nikamwambia hapana, mama. Akaniomba mara tatu. Akanyoosha mkono, nikamzuia kwa huu wa kushoto. Akaenda zake analia."

"Ulimzuia?" Kaza alinong'ona. "Kwa nini? Patasi, kwa nini hukumwacha afungue?"

Patasi alimtazama kaka yake kwa mshangao wa kweli, kisha akatazama ukutani, juu ya vibano, yalipo maandishi ya makaa.

"Si ulisema asiguse mtu mpaka urudi," alisema.

Wahenga walituambia kinachompata asiyesikia la mkuu. Hawakutuambia kinachompata anayesikia.

Mafundi walirudi kwenye meza zao mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia. Mmoja aliuokota mpira akautia mfukoni akatoka nao nje. Patasi alianza tena kufagia, akapiga hatua mbili, akasimama. Kamba ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imefunguka inaburuta kwenye maranda. Nyumbani mkewe ndiye aliyemfunga kila asubuhi. Aliitazama, akautazama mkono wake, akaketi juu ya gogo.

Kaza alikuwa bado amepiga magoti. Alisogea kwa magoti hayo hayo hadi mbele ya mdogo wake, akaishika kamba. Vidole vyake vilifanya vilivyofanya miaka ishirini na minane. Vilivuta, vikabana, vikafunga fundo.

"Legeza kidogo, kaka," Patasi alisema.

Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kumwomba hivyo, hata mle ndani ya lori. Kaza alilegeza.

"Bado."

Akalegeza tena, hata haoni kamba kwa machozi.

"Bado, kaka."

Alilegeza hadi kamba haikuwa inashika kitu. Patasi akainuka, akachukua ufagio wake, akaenda kumalizia kona iliyobaki, na kiatu kilimvuka kisigino kila hatua.